Kaliba ya Kumrudisha Denver

Arvel Tackett alishaunda bunduki nyingi juu ya meza yake ya jikoni, lakini hakuna hata moja iliyomsumbua kama hii, ambayo hata bunduki ilikuwa haijawa. Kiwiliwili chake, lile pande la alumini lililopigwa namba, kilikuwa mbele yake kando ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi. Kitako kilikuwepo. Kibali cha kufunga mtutu mfupi kilikuwa kimeombwa serikalini. Kilichobaki ni mtutu wenyewe, na mtutu huwezi kuununua mpaka uwe umeamua kaliba, yaani aina na unene wa risasi itakayopita humo. Hiyo kaliba ndiyo iliyomkalisha mzee wa watu akitazama ukuta huku maharage yakipoa.

Haikuwa bunduki ya kuwindia paa. Ilikuwa ya kupigia shabaha tu, siku za Jumamosi, kwenye klabu ya kule bondeni. Na ilikuwa ya mtu mmoja, naye ni mwanawe Denver, aliyekuwa chumbani ghorofani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amelala kwenye kitanda alicholalia akiwa mwanafunzi.

Gesi iliwaka mgodini alikokuwa akifanya kazi, majira ya baridi ya mwaka uliopita. Katika watatu waliokuwa upande ule alitoka Denver peke yake, naye alikaa gizani muda mrefu kabla ya kufikiwa. Mwili ulipona vizuri. Daktari akasema hata masikio yamepona, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu masikio yale sasa yalisikia kila kitu. Mlango wa gari ukipigwa, Denver yuko chini. Sufuria ikianguka, Denver yuko chini, mikono kichwani, jasho linamtoka. Kazi akaacha, mchumba akachoka akaenda zake, na mwisho akarudi kwa baba yake akiwa na begi moja.

Arvel mwenyewe alichimba makaa maisha yake yote, mpaka vumbi likamjaa mapafuni na kila ngazi ikawa mlima. Alijua mgodi unavyomfanya mtu. Asichojua ni kuzungumza na mwanawe. Tangu mkewe afariki, na hata kabla ya hapo, mazungumzo yao yote yalipita kwenye bunduki: shikilia vizuri, pumua, umevuta kulia, hiyo safi. Kila Jumamosi tangu Denver akiwa mdogo walikaa meza moja kule klabuni, na mambo mazito waliyaambiana hivyohivyo, kwa kusogezeana boksi la risasi. Sasa Jumamosi zilikuwa zimekufa, na Arvel alijiambia kwamba akipata bunduki ya kimya, kimya kabisa, kijana atarudi kwenye meza ile, na akirudi mezani atakuwa amerudi kote. Aliliamini hilo kwa moyo wake wote. Mimi simcheki, maana mtu anayemwona mwanawe akizama hushika chochote kilicho karibu.

Basi Jumamosi moja akalipeleka suala lake kwenye kahawa ya klabuni. Watu wa bonde lile ukiwauliza habari za Mungu watafikiri kwanza, lakini ukiwauliza habari za kaliba watakujibu kabla hujamaliza swali.

"Mbili ishirini na tatu," Junior Blevins alisema, mdomo umejaa. Junior alikuwa na miaka sabini na bado anaitwa Junior. "Risasi unazo za kuzikia kijiji, magazini za kuzipakia unazo, unahangaika nini?"

"Kwenye mtutu mfupi?" Nadine Sizemore akamgeukia. Huyu ndiye msimamizi wa uwanja, mama aliyeendesha basi la shule miaka mingi na sauti yake ikabaki kuwa ya kunyamazisha viti vya nyuma. "Baruti haimalizi kuungua mle ndani, inakuja kuungulia puani kwako. Inapiga moto na kishindo mpaka meno yanacheza. Unataka kumuua mtoto wa mwenzako kwa presha?"

"Haya, ile ya Kirusi."

"Kelele zilezile, na magazini imepinda kama ndizi. Nyamaza, Junior, kunywa kahawa."

"Mimi nafikiria Mia Tatu," Arvel akasema.

Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyesoma. Mia Tatu imetengenezwa kwa mtutu mfupi. Baruti yake inaisha kuungua mapema, na ukitia risasi zake nzito zinazokwenda polepole, ukafunga na kizuia sauti mbele, unasikia kitu kama mtu amefunga kitabu kinene. Basi.

"Ni nzuri," Nadine akakubali. "Lakini wewe usiichukue. Chukua tisa, ya bastola."

"Tisa!"

"Tisa, ndiyo. Ni ya kimya, haina fujo, na haiingii kwenye bunduki nyingine yoyote uliyonayo kabatini. Hiyo Mia Tatu, Arvel, ganda lake ni lilelile la mbili ishirini na tatu, limekatwa tu. Inakaa kwenye magazini zilezile. Siku ukichanganya, itaingia kwenye bunduki yako ya zamani kama mwenye nyumba, ila kichwa chake ni kinene na mtutu ule ni mwembamba. Hakina pa kupita. Unajua kinachofuata."

"Mimi si mtoto, Nadine."

"Nani kasema mtoto? Nasema una kabati zima la mbili ishirini na tatu na miwani huvai."

Junior akacheka. Arvel hakucheka. Aliweka kikombe chini na kusema kwa ukali ambao hata yeye ulimshangaza, "Tisa ni bastola iliyovaa koti refu. Mwanangu si mgonjwa wa kupewa kijibunduki cha kuchezea." Junior akaanza kutazama ndani ya kikombe chake, na Nadine akainuka kwenda kusuuza birika.

Haki ya Mungu, alimuuliza Denver pia. Alimkuta barazani saa ambazo hakuna gari linalopita, akamweleza zote, faida na hasara, mbili ishirini na tatu, ya Kirusi, Mia Tatu, na mwishoni, kwa sauti ya chini kama anayetaja jina la jamaa mlevi, tisa.

Denver alifikiri. "Tisa inatosha, Baba."

"Tisa? Aa, tisa ni ya watu wa mjini bwana. Wewe ulikuwa unaangusha sahani za chuma mwisho wa uwanja."

"Nilikuwa."

"Mia Tatu ina nguvu, halafu ni kimya. Utaona. Itakuwa bunduki ya maana."

"Sawa basi," Denver akasema. "Unavyoona wewe."

Arvel akaenda kuagiza mtutu siku ileile, amefurahi kwamba wamekubaliana. Kama ungekuwa pale barazani ungemkamata mabega na kumtikisa. Kijana alisema neno moja kwa wiki, na hilo moja nalo likarekebishwa.

Hata hivyo niseme ukweli, majira yale ya joto yalikuwa mazuri. Mtutu ulifika, kibali kikafika, na asubuhi moja Denver akashuka mwenyewe ngazi, akavuta kiti, akashikilia mwili wa bunduki wakati baba yake anakaza. Siku iliyofuata akashuka tena. Akaanza kunywa kahawa jikoni badala ya kupelekewa. Wakafunga kizuia sauti, wakajaribu kifyatulio bila risasi, tik, tik, na Denver hakushtuka. Kuhusu onyo la Nadine, Arvel alifanya kama mtu mzima: alinunua magazini mpya za Mia Tatu na kuzizungushia utepe mwekundu, ili hata kipofu asikosee. Alipozipanga juu ya meza alimwambia Denver, "Nyekundu ni zako. Nyeusi tupu ni za mzee," na Denver akatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja, lakini Arvel alikwenda nalo chooni akajifungia humo akalia.

Oktoba wakaenda klabuni. Denver alipanda pikapu bila kuvutwa mkono, na njiani akawa anaongea. Aliongea habari za majani yalivyobadilika rangi, akauliza kama mbwa wa kina Blevins bado yu hai, akala mikate miwili ya kujazwa soseji ambayo baba yake aliinunua kituo cha mafuta. Arvel aliendesha polepole makusudi.

Klabuni Nadine alikuwa ameshapanga mambo. Aliwapa meza ya mwisho kabisa, kisha akapita kwa kila mpigaji. Watu wazima wale, wenye leseni zao na ada zao walizolipa, wakafungua bunduki zao, wakazilaza mezani, wakarudi nyuma ya mstari na vikombe vya kahawa. Hakuna aliyelalamika. Uwanja mzima ulinyamaza kwa ajili ya Denver Tackett, na wote wakajifanya wanaongelea mpira. Nadine akamkumbusha Arvel sheria ya klabu, ambayo aliijua kuliko jina lake: meza moja, kaliba moja. Bunduki ya zamani ibaki garini.

"Iko garini," Arvel akasema, na ilikuwa kweli.

Denver akavaa miwani ya kukinga macho, akaziba masikio, akakaa. Risasi ya kwanza mabega yake yaliruka. Ya pili yaliruka kidogo. Kitabu kinafungwa, na baada ya muda kule mbali sahani ya chuma inaitika, ting. Ya kumi na kuendelea mabega yalitulia kabisa, na ghafla Denver akacheka. Alicheka kwa sauti, mwenyewe, bila mtu kusema kitu. Junior Blevins akageuka upande wa msitu akapenga kamasi.

Kijana alimaliza magazini zote nyekundu. Arvel alikuwa anajaza lakini hakuiwahi kasi yake, hivyo akachomoa nyingine mfukoni mwa koti akaijaza hiyo. Ilikuwa nyeusi tupu, isiyo na utepe. Risasi nzito zilikuwa zimekwisha, akatia zile nyepesi za Mia Tatu alizozinunua kwa kurekebishia shabaha.

"Hizi zina kelele kidogo," alimwambia Denver.

"Basi inatosha, Baba. Twende tukakae kwenye gari."

"Mapema yote hii?"

"Nimechoka vizuri. Twende tukakae."

Arvel akairudisha ile magazini mfukoni. Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Wangekaa kwenye pikapu, wangemalizia mkate wa mwisho, wangerudi nyumbani, na leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia. Lakini furaha ilikuwa imempanda Arvel kichwani kama pombe. Alimwona mwanawe amepona, na kupona kule akataka kukuthibitisha. Akaenda garini, akarudi na bunduki ya zamani, ile mbili ishirini na tatu ambayo Denver alijifunzia kupiga tangu akiwa mtoto. Nadine alikuwa upande wa pili anagawa kahawa, amewapa mgongo.

"Risasi moja tu," Arvel akasema. "Ya kumbukumbu. Halafu tunakwenda."

Denver aliitazama bunduki, kisha akautazama uso wa baba yake, akautazama sana. "Moja," akasema.

"Moja, bwana. Ongeza na hivi viziba masikio vya juu. Hutasikia kitu."

Arvel akatia mkono mfukoni, akatoa magazini nyeusi tupu, akaipachika. Akavuta kufuli, kile chuma kinachofunga risasi ndani, akaachia. Kufuli haikufunga mpaka mwisho, ikabaki na kijinafasi. Bunduki chafu hufanya hivyo, na kila mtu wa pale dawa yake anaijua: unaipiga kwa kiganja. Arvel akaipiga kwa kiganja. Ikafunga. Akamkabidhi mwanawe.

Mlipuko ule ulisikika mpaka barabara kuu. Bunduki ilipasuka ubavuni, magazini ikatoka chini kwa kishindo, vipande vya chuma na moshi vikamrudia Denver usoni. Miwani iliyaokoa macho. Shavu lilichanika na mkono mmoja ukajaa vijichuma, na kwa mwili hayo ndiyo yote. Hospitalini kushona kwenyewe hakukuchukua hata saa nzima.

Lakini Denver alikuwa ameshaingia chini ya meza. Alijikunja kwenye changarawe, damu inamtiririka hadi shingoni, na alikuwa anaita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayebana pumzi asije akaimaliza. "Hobart. Hobart, washa taa. Hobart, unanisikia?" Hobart alikuwa mmoja wa wale wawili waliobaki mgodini.

"Denver. Ni mimi. Ni baba." Arvel alipiga magoti, kifua kinapiga mluzi, akanyoosha mkono. Denver akausukuma mkono ule kwa nguvu, jinsi unavyosukuma jiwe lililokuangukia. Macho yake yalikuwa wazi na hayakumjua aliyekuwa mbele yake.

Nadine akaja mbio. Hakupiga kelele. Alilala kifudifudi kwenye changarawe kwa nguo zake safi, akaanza kuongea polepole na chini ya meza, na baada ya muda mrefu Denver akatoka akiwa ameshika mkono wa Nadine. Wakati wa kuinuka mama yule aliiona magazini iliyopasuka na risasi zilizotawanyika, vichwa vinene kwenye maganda yaliyokatwa. Alimtazama Arvel. Arvel aliona heri angemtukana.

Baada ya siku ile Denver hakushuka tena ngazi. Chakula kiliachwa mlangoni, nusu kikaliwa, nusu kikarudi. Arvel aliifungua Mia Tatu vipande vipande, akavifunga kwenye gazeti, akaviweka ghalani mahali ambapo asingeviona. Kwa siku kadhaa alitafuta la kusema, na kwa kuwa ni yeye, alilolipata lilikuwa la bunduki. Mchana mmoja akapanda juu, akapumzika katikati ya ngazi, akapanda tena, akasimama nje ya mlango uliofungwa.

"Denver. Nimefikiria. Ile Mia Tatu nitaiuza. Tutachukua tisa, kama ulivyosema. Ulisema kweli na mimi sikusikia. Tisa haichanganyiki na kitu. Tutaanza polepole."

Aliegemeza sikio mlangoni.

"Unasikia?"

"Nasikia, Baba." Sauti ilikuwa karibu, kumbe alikuwa amekaa chini nyuma ya mlango. "Sikutaka tisa."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema tisa kwa sababu ndiyo ilikuwa ndogo. Nilitaka uache kuuliza."

Arvel alishika fremu ya mlango. "Sasa ulikuwa unataka nini? Niambie, mwanangu. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi." Denver aliendelea taratibu, hana hasira, na Arvel angetoa chochote aisikie hasira. "Nilitaka kukaa na wewe kwenye gari. Kwenda na kurudi. Hivyo tu. Klabuni nilivumilia."

"Basi twende," Arvel akasema haraka. "Twende sasa hivi. Hatuendi klabuni, tunazunguka tu. Nachukua funguo."

"Siwezi tena."

"Kwa nini?"

"Gari lako linapowaka linapiga, Baba. Kile kishindo cha kwanza. Zamani nilikuwa nakivumilia. Sasa nikikisikia, hata niko huku ndani, nimeshafika kule chini." Sauti yake ikasogea mlangoni. "Usiliwashe karibu na nyumba. Nakuomba."

Arvel alisema sawa. Kwa mara ya kwanza hakutafuta la kuongeza. Alitaka kufungua mlango amkumbatie, lakini mkono uliosukumwa kule chini ya meza haukuthubutu kugusa kitasa.

Kwa hiyo ukipita barabara ya kwao asubuhi za Novemba, theluji nyembamba iko juu ya majani, utamwona mzee akisukuma pikapu kutoka uani. Gia ameitoa, mlango wa dereva uko wazi, bega liko kwenye nguzo ya mlango, na anasukuma hatua mbili, anasimama kukohoa, anasukuma tena, mpaka gari linapoupata mteremko naye anajirusha ndani kwa shida. Linashuka kilima chote kimya. Junior Blevins alimkuta hivyo siku moja akataka kumsaidia, akamuuliza kama betri imekufa.

"Imekufa," Arvel alimjibu.

Huko chini kabisa, karibu na daraja, ambako nyumba haionekani, ndiko anakoliwasha. Gari linapiga kishindo chake kimoja, na kabla ya kuondoka Arvel huketi kidogo, mikono kwenye usukani, akitazama kiti cha pembeni.